Unyevu kwenye kibanda cha uyoga bila mashine

Ndugu wa Mbarara, umeuliza jinsi ya kupandisha unyevu kwenye kibanda chako cha nailoni cha uyoga ndani ya nyumba. Uyoga mamama (oyster) unapochomoza hutaka unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Tandaza mchanga sakafuni, uloweshe, kisha ning'iniza magunia ya katani pembeni, ncha za chini zikizama kwenye beseni la maji. Yatanyonya yenyewe hata umeme ukikatika. Sehemu za juu za magunia zimwagie maji mara kwa mara. Nunua haigromita ndogo (kipima unyevu wa hewa), tafadhali, usikisie. Ila usizibe kila tundu! Kabonidayoksaidi, hewa chafu ambayo uyoga huitoa, ikijaa, shina hurefuka na kofia hubaki ndogo. Fungua kibanda asubuhi na jioni. Vichipukizi usivilowanishe, vitaoza.