Sare za wafanyakazi wa reli kwenye sanamu za HO: usisome rangi kwenye picha za zamani

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini sanamu zako za HO (reli ndogo za mfano, za kipimo cha 1:87) kwenye stesheni ya Marekani ya miaka ya 1920 zinaonekana kama vitu vya kuchezea ilhali umefuata picha za wakati ule, na kwa nini wapagazi maarufu wa kofia nyekundu wanaonekana na kofia nyeusi kwenye picha hizo. Nimepaka sare za enzi hiyo kwa miaka mingi, na kwangu maswali hayo yana mzizi mmoja: umeiamini picha mahali isipoaminika.

Picha nyingi za wakati ule zilipigwa kwa sahani na filamu za othokromatiki, zisizoona nyekundu. Kofia nyekundu hutoka karibu nyeusi, na bluu hupauka. Kwa hiyo kofia ya mpagazi ipake nyekundu bila wasiwasi, na koti la kondakta linaloonekana kijivu huenda lilikuwa bluu iliyokolea. Picha itumie kusoma mshono: safu za vifungo, kola, beji ilipokaa. Rangi itafute kwenye kanuni za sare za kampuni husika, au kwenye koti lililohifadhiwa makumbusho. Hapo tazama chini ya kola na ndani ya mfuniko wa mfuko, ambako mwanga haukufika kuichujua rangi.

Halafu angalia nani alivaa sare. Wa treni za abiria walivaa, na kwenye kampuni nyingi vifungo vya kondakta vilikuwa vya dhahabu na vya wasaidizi wake vya fedha. Dereva na mtia makaa wavae ovaroli. Kondakta wa treni ya mizigo alivaa nguo zake za kawaida za kazi, kwa hiyo yule uliyemweka nyuma ya mabehewa ya mizigo na vifungo vinavyometa, mvue hilo koti.

Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman wanastahili muda wako zaidi ya wote. Mlangoni wakipokea abiria walivaa koti la bluu iliyokolea na kofia. Ndani wakitandika vitanda walivaa koti jeupe. Chagua kazi kwanza, ndipo uchague koti. Na tafadhali, nyuso zao usizipake rangi moja ya kopo. Karibu wote walikuwa Wamarekani Weusi, ndio waliounda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph, na hawakufanana rangi. Changanya kahawia tatu au nne, nyingine yenye wekundu, nyingine yenye manjano kidogo, na kila mmoja mpe yake. Inanikera kuona kondakta aliyepakwa hadi nyusi akiwa amesimama pembeni ya mhudumu mwenye uso wa doa moja.

Sasa huo mwonekano wa kuchezea. Kwenye 1:87 mtu ana urefu wa milimita 20 hivi, na nyeusi tupu humeza mikunjo yote. Bluu ya sare iongezee kijivu mpaka ikuonekanie imepauka kupita kiasi ukiwa nayo mkononi. Ukiiweka jukwaani itakaa sawa. Nyeupe nayo ivunje kwa kijivu kidogo.

Osha sanamu kwa sabuni, piga rangi ya msingi ya kijivu, kisha anza na ngozi, shati, halafu koti, kutoka ndani kwenda nje. Brashi namba 0 yenye ncha nzuri inatosha. Zile nyembamba mno hukaushia rangi njiani. Rangi nyembamba ya giza itiririke kwenye mikunjo, kisha vanishi isiyong'aa.

Vifungo viache mpaka vanishi ikauke, la sivyo itaua mng'ao wake. Kifungo cha sentimita mbili hapa ni robo ya milimita tu, kwa hiyo gusa kwa ncha ya pini. Usijaribu kuvimaliza vyote. Vitatu kwenye safu vilivyonyooka vinapendeza kuliko sita vilivyogandana.