Kona tatu jiwe, ya nne udongo

Ndugu yangu, umesema umechimba msingi wa nyumba Makunduchi, kusini mwa Unguja, ukakuta kona tatu ni jiwe na ya nne udongo mwekundu. Usipitishe zege juu yake hivyo hivyo. Udongo utashuka, jiwe halishuki, na ukuta utapasuka pale pale vinapokutana. Toa udongo wote mpaka ufike jiwe. Kisha shika mtaimbo, gonga chini hatua kwa hatua na utege sikio: jiwe zima hulia kavu, "ti", penye pango huitika kwa ndani, "bu". Mimi nilipuuza "bu" moja kwenye banda la jiko, masika ya kwanza sakafu ikadidimia.

Pango dogo, vunja dari lake, jaza mawe na zege. Likiwa pana, lazima mkanda wa nondo, yaani boriti ya zege yenye nondo ndani, uvuke juu yake na ukalie jiwe zima pande zote mbili. Hapo tafuta fundi anayejua hesabu za nondo, usikisie. Mchanga wa pwani usitie kabisa, chumvi inakula nondo. Na shimo la choo liwe mbali na kisima, tafadhali. Jiwe letu lina matundu, maji machafu hayachujwi, yanapita tu.