Rwenzori kwa siku saba

SWALI: Kaka, nimefika Uhuru, Kilimanjaro, mara mbili. Januari nataka kupanda Rwenzori, Uganda, hadi Margherita, kilele chake cha juu kabisa. Siku tano zitatosha? – Msomaji, Moshi

JIBU: Hazitoshi, dada yangu. Kwa njia ya Nyakalengija panga siku saba, na moja ya akiba. Margherita ina mita 5,109 tu, chini ya Kilimanjaro, lakini usiidharau. Kule adui ni tope. Kwenye kinamasi cha Bigo nilizama hadi magotini, buti zangu za ngozi zikalowa na hazikukauka hadi niliposhuka. Vaa gambuti, tena uzizoee nyumbani kwanza. Begi la kulalia na nguo kavu zifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Mvua hunyesha hata Januari.

Kutoka Elena, kibanda cha mwisho cha kulala, mtaondoka usiku kwenda kileleni. Juu kuna barafu yenye nyufa, mnafungana kamba, na mnavaa vyuma vya meno chini ya buti. Jizoeze kuvivaa kabla ya safari. Barafu hiyo inazidi kupungua na njia hubadilika, kwa hiyo muongozaji akisema mrudi, rudini.