Kopo la akiba kwa mama anayenyonyesha

Swali: Mwanangu ana wiki tatu na ananyonya maziwa yangu tu. Mama mkwe anasisitiza niweke kopo moja la maziwa ya unga kabatini, la dharura. Dada yangu anasema kopo likishaingia ndani litafunguliwa tu. Kila jioni mtoto ananyonya karibu mfululizo, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na matiti nayahisi matupu kabisa. Ninunue?
*Mama wa kifungua mimba*

Jibu: Hongera, mama. Ikiwa mtoto anaongezeka uzito, usinunue kwa sasa. Maziwa ya kopo si sumu, na wapo watoto wanaoyahitaji kweli. Tutawafikia hapa chini. Kinachotutia wasiwasi ni saa ambayo kopo hilo litafunguliwa. Mara nyingi huwa ni saa nane za usiku, mtoto analia, mama kachoka, na kila mtu ndani ya nyumba ana hakika kwamba maziwa hayatoshi.

Matiti hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Titi likikaa limejaa, kasi ya kutengeneza hushuka. Likinyonywa mara kwa mara, hupanda. Sasa chukua usiku huo mmoja: mtoto anapewa mililita 90 kwa chupa, anazimaliza upesi kwa sababu chupa hutiririka, kisha analala muda mrefu kwa kuwa maziwa ya unga hukaa tumboni zaidi. Wote wanasema, "Si unaona, alikuwa na njaa." Lakini titi limekosa kunyonywa usiku, wakati homoni ya prolaktini inayochochea maziwa iko juu zaidi. Jambo hilo likirudiwa usiku hata usiku, maziwa yanapungua kweli, na hofu iliyokuwa haina msingi inapata msingi.

Kunyonya mfululizo jioni ni kawaida kwa mtoto wa umri huo, hasa anapokua kwa kasi, kama kwenye wiki ya tatu na ya sita. Na matiti kulainika baada ya wiki za mwanzo hakumaanishi yamekauka: uvimbe wa siku za kwanza umeisha, maziwa yanaendelea kutengenezwa hata mtoto akiwa bado anavuta.

Amini nepi na mizani. Kwa saa 24 mtoto wako aloweshe nepi 6 au zaidi kwa mkojo usio na rangi kali, na apate choo laini cha manjano mara 3 au zaidi. Uzito wa kuzaliwa uwe umerudi kufikia wiki ya pili, na tangu hapo aongeze kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Ukimsikiliza akinyonya, usikie akimeza. Hayo yakiwepo, kilio cha jioni hakimaanishi upungufu. Kiasi unachopata kwa pampu nacho hakikupimii chochote. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya pampu.

Kama unataka akiba, weka ya kwako. Asubuhi, mtoto akishanyonya, nawa mikono kwa sabuni, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na viwili chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, minya, achia. Usivute vidole juu ya ngozi, utajichubua. Endelea dakika 3 hadi 5, hamia titi jingine, rudi la kwanza. Mililita 15 hadi 30 kwa mkao mmoja ni nyingi ya kutosha. Poza kwenye jokofu kabla ya kuchanganya na yaliyokwisha kupoa, kisha gandisha kwa mafungu ya mililita 60 yenye tarehe. Kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 yanakaa saa 4, kwenye jokofu siku 4, kwenye friza ni bora yatumike ndani ya miezi 6. Yakishayeyuka ndani ya jokofu yatumike kwa saa 24, na yasigandishwe tena. Yapashe kwa kutia chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu zinazounguza mdomo.

Mililita 300 zinatosha kama milo mitatu, muda wa kumtafuta anayeweza kusaidia. Usishindane kujaza friza: ukikamua kupita mahitaji, mwili utatengeneza kupita mahitaji, na titi linalojaa mno huvimba.

Swali: Nilitoka damu nyingi wakati wa kujifungua. Mtoto ana siku tisa, bado yuko chini sana ya uzito aliozaliwa nao, na muuguzi amesema aongezewe maziwa ya kopo. Najiona nimeshindwa.
*Mama wa binti*

Jibu: Hujashindwa, dada. Kwa mwanao maziwa hayo ni tiba, na kopo likae nyumbani bila aibu. Kutoka damu nyingi kunaweza kuchelewesha au kupunguza maziwa. Vivyo hivyo kipande cha kondo kilichobaki tumboni, matatizo ya tezi ya thairoidi, upasuaji wa titi, au matiti yenye tishu chache za maziwa. Omba uchunguzwe, maana baadhi ya haya yanatibika.

Utaratibu ni huu kila mlo: mnyonyeshe kwanza matiti yote mawili, kisha mpe nyongeza kwa kiasi alichopanga mhudumu, kisha ukamue dakika 10 hadi 15. Kukamua ndiko kunakorukwa na watu wengi kwa uchovu, na ndiko kunakorudisha maziwa. Maziwa yako yaliyokamuliwa yawe sehemu ya kwanza ya nyongeza inayofuata. Kama hospitali ina benki ya maziwa ya mama, uliza. Nyongeza ipunguzwe kidogo kidogo kwa kufuata mizani, wala isikatwe ghafla.

Mtoto akilegea na kushindwa kuamka kunyonya, akikaa saa 6 hadi 8 bila mkojo, utosi ukibonyea, au joto likifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Mke wangu anaweza kulazwa wakati wowote na mtoto wetu ana miezi miwili. Tuna kopo tulilopewa, lilifunguliwa kama miezi miwili iliyopita. Litafaa? Na yanachanganywaje?
*Baba anayejiandaa*

Jibu: Hilo tupa, ndugu. Likishafunguliwa, watengenezaji wengi huruhusu kama wiki 4 tu. Nyinyi mna sababu ya kuwa na kopo, basi nunueni jipya dogo, lililoandikwa kwa mtoto tangu kuzaliwa, na kagueni tarehe. Uliza pia kama mtoto anaweza kuletwa hospitalini anyonye.

Unga huo hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu. Bakteria aina ya *Cronobacter* wanaweza kuwemo, na kwa mtoto mchanga wanaua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasiyopungua nyuzi 70. Osha vyombo kwa sabuni, vichemshe dakika 5. Chemsha lita nzima ya maji, iache isizidi dakika 30. Mimina maji kwanza hadi alama, kisha tia unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa kwa kisu bila kushindilia. Ukitanguliza unga, maji yatapungua na maziwa yatakuwa mazito. Poza upesi kwa maji baridi nje ya chupa, onja joto kwa ndani ya kifundo cha mkono. Yaliyobaki baada ya kulishwa mwaga; yasiyoguswa yasikae nje zaidi ya saa 2.

Usiongeze maji ili kopo lidumu. Chumvi ya damu hushuka na mtoto anaweza kupata degedege. Maziwa ya ng'ombe nayo yasiwe mbadala kabla ya miezi 12.

Kama hana mazoea ya chupa, tumia kikombe kidogo. Mkalishe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu, ayarambe mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa.

Swali: Titi moja limekuwa jekundu, linauma, nina homa. Nimepewa antibiotiki. Nihamie kopo mpaka nipone?
*Mama wa mapacha*

Jibu: Hapana. Maziwa ya titi lenye uvimbe hayawadhuru watoto wenye afya, na kuacha ghafla huzidisha msongamano. Endelea kunyonyesha kama kawaida, bila kulikamua mpaka likauke, wala kulikanda kwa nguvu. Weka kitambaa cha baridi kati ya milo. Antibiotiki zinazotolewa kwa tatizo hili, kama vile flukloksasilini, hutumika wakati wa kunyonyesha. Mwambie tu mfamasia kwamba unanyonyesha. Homa isipopungua kwa siku 2, au ukigusa uvimbe mgumu usioondoka, rudi upimwe, kwani huenda usaha umekusanyika na unahitaji kutolewa.