Muulize Fundi: Randa ya babu inakabwa na maranda

SWALI: Fundi shikamoo. Babu aliniachia randa yake ya mbao, ile ndefu ya kabari. Kisu nimekinoa mpaka kinanyoa, lakini nikiipiga kwa mlango wa mvule mdomo unajaa maranda, nayachokoa na msumari, naenda mara tatu nne yashajaa tena, na mbao yenyewe inang'oka nyuzi. Jamaa hapa aniambia niitupe ninunue ya chuma. Niitupe kweli? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitupe kitu, na huyo jamaa mtazame vizuri, pengine aitaka yeye. Halafu weka huo msumari chini, wauharibu mdomo bure, tumia kijiti.

Toa kisu kwanza. Usikivute na plaizi, igonge randa kisogoni kwa nyundo ya mbao, kabari italegea yenyewe. Utakuta vyuma viwili vimeshikwa na skrubu, kisu na kile kinachokilalia juu. Vinyanyue hivyo hivyo pamoja uvielekeze juani. Ukiona mwanga wapita katikati, hata mwembamba kama uzi, basi hapo ndipo maranda yanapoingia yakajikunja yakaziba. Sugua ukingo wa hicho chuma cha juu kwenye noo mpaka ulale sawasawa, ukivirudisha hakikisha kimesogea karibu na makali, kwa saiprasi milimita moja yatosha lakini mvule nyuzi zake zapishana, huku zalala hivi na pembeni yake zalala vingine, kwa hivyo sogeza mpaka nusu milimita hivi au chini yake, na kisu kichungulie kidogo tu kama unywele.

Bado yang'oka? Geuza randa uweke rula tumboni. Kwa unyevu huu wetu wa Mombasa mbao hupinda hata ikiwa ya miaka mingapi. Bandika msasa juu ya kioo uisugue, kisu kikiwa ndani kimerudi nyuma na kabari imekazwa kama siku ya kazi. Mimi niliwahi kunyoosha yangu bila kabari, nikajisifu, kuikaza tu tumbo likavimba tena, Jumamosi nzima ikaenda.

Ukimaliza pangusa kisu mafuta, chumvi ya bahari haichelewi kuleta kutu. Na ujaribu kwa kipande kwanza, si kwa mlango wa watu.