Usifyeke mafunjo

Dada uliyeuliza kama mafunjo yaliyo mbele ya kiwanja chenu hapa Mwanza yang'olewe "kama magugumaji tu": usiyaguse. Magugumaji asili yake ni Amerika Kusini. Mafunjo ni ya Afrika, jamii moja na ndago wa shambani, ila mafunjo hufika mita 4 hata 5.

Kazi kubwa iko chini. Mizizi na mashina yanayotambaa hufumana yakawa kama mkeka mnene, pengine unaoelea. Maji machafu ya mtaani yakipita humo, tope hutuama, na sehemu ya naitrojeni na fosforasi hunaswa kabla ya kufika ziwani. Hicho ndicho chakula cha magugumaji, kwa hiyo ukifyeka unayapikia. Tena ndani ya mafunjo oksijeni ni haba. Sangara hawezi kukaa, lakini samaki kama kamongo na baadhi ya furu wanaweza, ndiyo maficho yao.

Wanaokata ya kusukia mikeka sina ugomvi nao, yanachipua tena mradi wasilime wala kuchoma mizizi. Na fundi wa kujenga asije kwanza: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.