Doa kali kwenye data za Hanford: wimbi la mvutano au kelele?
Dada wa Ngamiani, umeuliza kama doa ulilolikuta kwenye picha ya masafa ya Hanford, kimoja cha vitambuzi viwili vya LIGO vya mawimbi ya mvutano huko Marekani, ni wimbi la kweli. Likiwa Hanford peke yake usilishangilie bado. Angalia Livingston, kitambuzi cha pili, sekunde ileile: wimbi la kweli hufika kote ndani ya milisekunde 10, muda wa mwanga kuvuka kilomita 3,000 zilizopo kati yao. GW150914, wimbi la kwanza kunaswa (2015), lilipishana milisekunde 7 tu, tena masafa yake yakipanda kutoka hezi 35 hadi 250. Doa lako limesimama wima, yaani masafa yote kwa mpigo mmoja bila kupanda. Vipigo vifupi hivyo huiga mawimbi ya mashimo meusi mazito yanayogongana, ndiyo maana vinasumbua. Mstari wa hezi 60 ni umeme wa Marekani (Tanga ungeuona 50), uchuje. Ukipata jozi (doa pande zote mbili), sogeza data za upande mmoja sekunde kadhaa, rudia mara nyingi, uhesabu jozi zinazojitokeza kwa bahati tu. Hatua hiyo ndiyo wengi wanaiacha.